Get na jirani yake: namna ya kukielewa na kukitumia kitenzi hiki cha Kiingereza

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwenye get na maana utakayoiona mapema ni "kupata". Wanafunzi wengi huifunga kamusi papo hapo. Kesho yake wanakutana na "It's getting dark", "We got home at nine", "I got him to sign", "Get off here", na ile kupata waliyoibeba haifungui hata mlango mmoja.

Kamusi haijakosea. Get yenyewe ina maana nyepesi mno: kuna badiliko, mtu au kitu kinatoka hali moja na kuingia nyingine, au kinatoka mahali na kufika pengine. Ni badiliko gani? Hilo linasemwa na neno linalofuata. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri get, ruka mbele umtazame jirani yake wa kulia:

- Jirani akiwa nomino, maana ni kupata, kupokea, kununua au kuleta: "get a job".
- Akiwa kivumishi, maana ni kuingia katika hali hiyo: "get wet".
- Akiwa mahali, maana ni kufika: "get to Dodoma", "get home".
- Akiwa kitenzi katika umbo la tatu (past participle), ni kauli ya kutendwa: "get robbed".
- Akiwa mtu au kitu, kisha kikafuata kitenzi, ni kusababisha: "get him to sign", "get it repaired".
- Akiwa kineno kifupi kama up, off, over, viwili hivyo vimekuwa kitenzi kimoja kipya.

Kilichobaki ni kujua mitego, na mingi tunaitega wenyewe kwa Kiswahili chetu.

Maumbo na tamshi

Wakati uliopo ni get, uliopita ni got. Umbo la tatu Uingereza ni got, Marekani ni gotten. Shule za Afrika Mashariki hufuata Kiingereza cha Uingereza, basi kwenye mtihani andika got. Ukiandika kwa Kimarekani, gotten ni sahihi kwa maana ya kupata au kuwa, ila si kwa maana ya kumiliki: kwa Mmarekani "I've gotten a ticket" ni nimepata tiketi, na "I've got a ticket" ni ninayo tiketi. Waingereza waliiacha gotten lakini wakabaki na forgotten, kwa hiyo usishangae. Getting huandikwa kwa t mbili.

Kwenye tamshi kuna jambo moja dogo linalochanganya. Sisi tunaita lango "geti", neno lililotoka kwa gate, lakini sauti yake iko karibu zaidi na get. Matokeo yake mtu anasema "open the get" na "I'll gate it". Get ina e fupi na inakatika kwenye t bila irabu ya mwisho. Gate ina sauti mbili zilizoungana, "geit". Ukisikia Mmarekani akisema "gerit", amesema "get it": t iliyo katikati ya irabu hugeuka kuwa sauti inayokaribia r yetu.

Get na nomino: pale kupata inapokubali na inapokataa

Kiingereza hakijali kitu kilikufikiaje mkononi. "I got a letter" ni nilipokea barua. "I got these shoes in Kariakoo" ni nilinunua viatu hivi Kariakoo. "Get the chair from the kitchen" ni kalete kiti jikoni. "I got malaria" ni niliugua malaria. Kiswahili kinajali, kwa hiyo ukitafsiri kuja Kiswahili jiulize: kilinunuliwa, kililetwa, kilitumwa, au kiliokotwa? Kisha tumia kitenzi chake halisi. Tafsiri iliyojaa "nilipata, alipata, walipata" inanuka Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza.

Mtu akiingia katikati, get inafanya kazi ya kauli ya kutendea. "Can I get you some tea?" ni "Nikuletee chai?" Mtu akitangulia, hapana for: "Get your grandmother a chair." Kitu kikitangulia, for inahitajika: "Get a chair for your grandmother." Kosa la kwetu ni "Get for me a chair", ambalo ni "niletee kiti" likiwa limevaa maneno ya Kiingereza. Sema "Get me a chair", na kwa mtu unayemheshimu, "Could you get me a chair, please?"

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaoangusha wengi. Kiswahili kinatumia kupata mahali pengi ambapo Kiingereza hakitumii get.

Kupata ajali. "I got an accident" ni Kiingereza cha barabara zetu. Msemaji wa Uingereza atasema "I had an accident", au kama alikuwa ndani ya gari, "I was in an accident".

Kupata mtoto. "They had a baby." Ukisema "they got a baby", msikilizaji atadhani walikwenda mahali wakamchukua. Kupata mimba, kwa upande mwingine, ni "get pregnant" bila shida yoyote.

Kupata hasara, kupata faida. Hapa ni make: "We made a loss", "They made a profit".

Kupata kitu kilichopotea. "Nimepata funguo!" ni "I've found my keys!" Ukisema "I've got my keys" unamaanisha unazo, wala hazikupotea.

Kupata chai, kupata chakula cha mchana. Kitenzi ni have. "Umepata chakula cha mchana?" ni "Have you had lunch?" Ukiuliza "Have you got lunch?" umeuliza kama ana chakula, na huenda akadhani unamwomba.

Kumpata au kumkuta mtu mahali. Huu ndio mtego wa hatari. "Nitakupata kituoni" ukiigeuza "I'll get you at the bus stop", umetoa tishio. "I'll get you", mtu akiwa jirani wa get na sentensi ikaishia hapo, mara nyingi ni nitakukomesha. Sema "I'll meet you at the bus stop". Kama unakwenda kumchukua kwa gari, "I'll pick you up" ndiyo salama.

Kupata kazi, nafasi, ruhusa, nafuu: hizi ni get bila wasiwasi. "Get a job", "get a chance", "get permission", "get better". Kupata usingizi inagawanyika. "I couldn't get to sleep" ni sikupata usingizi, nilibaki macho. "Get some sleep" ni ushauri: nenda kalale kidogo.

Kuna pia kupata kwa maana ya kuelewa, na hapa lugha zote mbili zimekutana. "Umenipata?" na "Do you get me?" zinalingana vizuri, mpaka rejista yake, yaani mtindo wake wa mtaani. Ukishaelewa, jibu ni "Got it". Lakini njeo ibebe uzito wake: "I didn't get that" ni sikulisikia au sikulielewa ulilosema sasa hivi, na "I don't get him" ni simwelewi yule mtu ni wa namna gani. Ile "Are we together?" ya madarasani kwetu, yaani "Tuko pamoja?", mgeni ataishangaa. Muulize "Are you following?" Na kwa mkubwa wako usimalizie maelezo kwa "Get it?", ni kama kumwambia mzee "umeshika?" "Does that make sense?" ina adabu zaidi.

Get na kivumishi: siri iko kwenye -me-

Kiswahili kimejaaliwa vitenzi vinavyobeba badiliko ndani yake: kuchoka, kulowa, kulewa, kukasirika, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kupotea, kuzoea. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo, kinachukua kivumishi na kukitangulizia get: get tired, get wet, get drunk, get angry, get old, get fat, get thin, get lost, get used to. Mpaka hapo ni rahisi.

Ugumu unaanza na kiambishi -me-. Tukisema "nimechoka" hatusimulii tukio, tunaeleza tulivyo sasa. Kwa hiyo Kiingereza chake ni "I am tired". Angalia kitenzi kimoja kikibadilika:

"Nimelowa" ni "I'm wet."
"Nililowa njiani" ni "I got wet on the way."
"Ninalowa, fungua mlango!" ni "I'm getting wet, open the door!"
"Utalowa" ni "You'll get wet."

Umeona? Ni -me- peke yake iliyokwenda kwa be, zile nyingine zote zimekwenda kwa get. Amekasirika, "He's angry". Alikasirika, "He got angry". Amelewa, "She's drunk". Tumepotea, "We're lost". Tulipotea, "We got lost". Anayetafsiri -me- kwa have kila mara, kama vitabu vya sarufi vinavyomfundisha, ataandika "I have got tired" mahali pa "I'm tired", na hakuna atakayemwelewa vibaya, lakini kila mtu atajua.

Kipimo: jaribu kutia "ghafla" au "kidogo kidogo" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali vizuri, kuna badiliko, tumia get. Ikikaa vizuri zaidi na "sasa hivi niko hivyo", tumia be.

Kitenzi "kuzidi" nacho mara nyingi ni getting pamoja na kivumishi cha kulinganisha. "Mgonjwa anazidi kudhoofika" ni "The patient is getting weaker". "Joto linazidi" ni "It's getting hotter", na ukitaka kukaza, "hotter and hotter". Usiandike "getting more hotter". Kiambishi -er tayari kimeshasema zaidi.

Kuzoea inastahili sentensi zake. "Nimezoea" ni "I'm used to it", kwa ile ile kanuni ya -me-. "Nilizoea baada ya mwezi" ni "I got used to it after a month". "Utazoea" ni "You'll get used to it". Baada ya to hapa panakaa nomino au kitenzi chenye -ing: "I'm getting used to waking up early", wala si "to wake up". Na "I used to wake up early", bila be wala get, ni jambo jingine kabisa: zamani nilikuwa naamka mapema.

Jirani akiwa nomino, get haimaanishi kuwa. "Amekuwa daktari" ni "She has become a doctor". Ukisema "She got a doctor", alimtafuta daktari akampata. Na kuna hali chache ambazo Kiingereza kimezipa go: kupofuka ni "go blind", kuota kipara ni "go bald", kupata wazimu ni "go mad", na chakula kilichoharibika "went bad". Hizi hazina kanuni ya kuzitabiri, zizoee tu.

Kuoa na kuolewa

Kiswahili kinatenganisha: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiingereza hakitenganishi. "He married her" na "She married him" zote ni sahihi, na "They got married" inawahusu wawili kwa pamoja. "She was married by Juma" inasikika kama Juma ndiye kasisi au shehe aliyefungisha ndoa.

Kihusishi ni to, si with: "She got married to a teacher." Na kanuni ya -me- inarudi tena. "Ameolewa" ni "She's married". "Aliolewa 2015" ni "She got married in 2015". Ukiandika "She is married in 2015" umechanganya hali na tukio.

Get na mahali

"What time did you get to Morogoro?" Ulifika Morogoro saa ngapi? To inahitajika kabla ya jina la mahali. Home, here na there haziitaki: get home, get here, get there. "Get to home" ni kosa la kila siku.

Simu inalia, mtu anakuuliza umefika? Wengi wetu hujibu "I have reached". Reach kwa maana hii inadai itajwe mahali penyewe, "I've reached the hospital", na hata hivyo mazungumzo ya kawaida hayaihitaji. Nimefika ina -me-, kwa hiyo ni hali: "I'm here." Anayekupigia atakuuliza "Are you there yet?" kama yeye yuko pengine. Utafika saa ngapi ni "What time will you get here?" kama anayeuliza yuko huko unakokwenda, na "get there" kama hayuko. Saa nazo zigeuze: aliyefika saa tatu usiku "got home at nine".

Get mbele ya in, out, past au through mara nyingi inadokeza kwamba haikuwa rahisi. "How did he get in?" si swali la mlango tu. Muulizaji anashangaa aliwezaje kuingia.

Get na umbo la tatu: kutendwa

"He got fired" na "He was fired" zote ni alifukuzwa kazi. Get inapenda matukio, hasa ya ghafla, ya bahati au ya mkosi: get robbed, get hurt, get caught, get paid, get promoted. Haipatani na vitenzi vya hali kama know na love, hakuna "he got loved". Kwa kazi iliyopangwa na kutekelezwa kwa utulivu pia inakaa vibaya. Shule "was built in 1960". "Got built" inasikika ya ovyo.

Mtego mkubwa ni "niliibiwa simu". Kiswahili kinaruhusu aliyedhulumiwa awe kiima na simu ifuate. Kiingereza hakiruhusu. "I was stolen my phone" ni sentensi iliyovunjika, na "I was stolen" maana yake mtu alikubeba wewe. Kinachoibwa ni simu: "My phone got stolen." Anayefanyiwa uhalifu ni wewe: "I got robbed." Ukitaka kubaki wewe kama kiima na simu itajwe, tumia had: "I had my phone stolen."

Kunyeshewa je? "I got rained on" ipo na ni sahihi, ingawa "I got caught in the rain" ndiyo inayosikika zaidi.

Kusababisha: fundi ni nani?

Huyu ndiye get anayetupita kimya kimya, kwa sababu Kiswahili hakitulazimishi kumtaja fundi. Mtu anasema "nimeshona gauni la sikukuu", na kila mtu anajua alipeleka kitambaa kwa cherehani ya mwingine. "Nimenyoa", na wembe ulikuwa wa kinyozi. Ukisema kwa Kiingereza "I sewed a dress", umekaa mwenyewe kwenye cherehani. "I repaired my phone", ulishika bisibisi wewe.

Umbo la kutumia: get, kisha kitu, kisha umbo la tatu.

"I got a dress made for Eid."
"I got my hair cut."
"I got my phone repaired in town."
"We need to get the roof fixed before the rains."

Mpangilio usivurugwe. "I got repaired my phone" haipo. Kitu kikae katikati, kati ya get na kitenzi. Unaweza kuweka have mahali pa get, "I had my phone repaired", maana ni ile ile, kwa sauti iliyo rasmi zaidi.

Kama unamtaja anayefanya, umbo linabadilika: get, mtu, to, kitenzi. "I got him to sign" ni nilimfanya asaini, na ndani yake kuna kushawishi, kubembeleza, pengine kuzungushwa wiki mbili. Linganisha: "I made him sign" ni nilimlazimisha. "I had him sign" ni nilimwagiza, kwa mamlaka niliyonayo. "I let him sign" ni nilimruhusu. Katika hao wanne ni get peke yake anayedai to. "I got him sign" na "I made him to sign" ni makosa mawili ya mapacha, na mwalimu husahihisha moja akazalisha jingine.

Mashine pia hubembelezwa. "I can't get the car to start": gari limegoma kuwaka, na nimejaribu. Ukisema "The car doesn't start" umetoa taarifa tu, jasho lako halionekani.

Get to na kitenzi

"I got to meet the author" ni nilibahatika kukutana na mwandishi. Kuna fursa, kuna furaha kidogo. Tofautisha na "I've got to go", lazima niende, ambayo kwa mdomo huwa "I gotta go". Tofauti ni have, inayofichwa kwenye 've. Ukiandika, usiidondoshe.

"Get to know" ni kufahamiana na mtu pole pole. Kwa "nilikuja kujua kwamba" au "nikapata habari kwamba", Kiingereza cha kawaida ni "I found out that". Ile "I got to know that" ya barua zetu inaeleweka, ila inasikika ya kwetu.

Vineno vifupi

Vitabu vina orodha ndefu za get na vineno hivi. Usizikariri zote. Anza na za usafiri, maana utazitumia leo.

Chombo unachoweza kusimama au kutembea ndani yake, kama basi, treni, ndege na meli, ni get on na get off. Chombo unachoinama na kukaa, kama gari dogo na teksi, ni get in na get out of. Pikipiki na baiskeli unazipanda juu, kwa hiyo ni get on. Bajaji unaingia, basi get in. Kumwambia kondakta "I'm alighting here" si kosa, lakini alight ni neno la matangazo. Sema "I'm getting off here". Usigeuze mpangilio: "get off the bus". "Get the bus off" ni kulitoa basi mahali lilipokwama.

Kuamka kumegawanyika kuwa vitenzi viwili. Wake up ni kufumbua macho, get up ni kutoka kitandani. "I woke up at five but got up at six" ina saa nzima ya uvivu ndani yake.

Nyingine zinazolipa haraka: get along with, kupatana na mtu. Get over, kupona ugonjwa au kusahau uchungu. Get by, kusukuma maisha kwa kidogo kilichopo. Get away with, kufanya kosa lisikupate. Get rid of, kuondokana na kitu. Get through, kumpata mtu kwenye simu. Get back to, kumjibu mtu baadaye. Hii ya mwisho utaisikia sana ofisini, "We'll get back to you", na kama waajiri wote wanavyojua, haina tarehe.

Have got

"I've got two brothers" ni nina kaka wawili, hakuna lililopatwa. Ni sawa na "I have two brothers". Swali la Kiingereza cha Uingereza ni "Have you got a pen?", la Marekani "Do you have a pen?" Usichanganye ukasema "Do you have got". Kwa wakati uliopita achana nayo, sema "I had". Na kwa vyovyote usiseme "I am having two brothers". Having ni ya kula, kunywa na kufurahia: "I'm having lunch".

Lini uiache

Get ni neno la mdomoni. Kwenye barua ya maombi ya kazi, ripoti au insha ya mtihani, ipunguze. Barua "received", kibali "obtained", bidhaa "bought", hali "became", mgeni "arrived". Lakini usivuke mpaka. Anayemwambia rafiki yake "I obtained a cold" amechekesha zaidi ya aliyesema get.

Jipime

Tafsiri kwa sauti kabla ya kusoma majibu: (1) Nimelowa. (2) Walifika nyumbani usiku. (3) Nimeibiwa begi. (4) Alikasirika. (5) Nimenyoa. (6) Nilimshawishi mama akubali. (7) Walipata ajali. (8) Ameolewa na daktari. (9) Giza linaingia. (10) Nitakukuta stendi.

Majibu: (1) "I'm wet." (2) "They got home at night", bila to. (3) "My bag's been stolen", au "I've had my bag stolen". (4) "She got angry." (5) "I've had my hair cut", au "I got a haircut". (6) "I got my mother to agree." Kama umeandika made, umemlazimisha mama yako. (7) "They had an accident." (8) "She's married to a doctor." (9) "It's getting dark." (10) "I'll meet you at the bus station." Kama umeandika "I'll get you", usishangae asipotokea.